Rimoti ya Gari Ikikataa Baada ya Kubadilishwa Betri

Leo tunaweka kando kidogo habari za kuku na mbolea, tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoning'inia kwenye ufunguo wa gari. Najua wengine watasema, "Sisi hatuna gari, hayo yatatusaidia nini?" Lakini siku hizi vikundi vingi kutoka Wendani hadi Ruiru, Juja na Thika vimechanga pesa vikanunua gari la kazi. Na kama bado hamjanunua, huenda mtanunua. Basi someni.

Sisi hapa Kahawa Wendani kikundi chetu kinafuga kuku wa mayai, na tuna Probox moja ya kusambaza trei za mayai kwenye maduka na hoteli za Barabara ya Thika. Gari hilo ndilo mguu wetu. Likilala siku moja, mayai yanalala nalo, na wateja wanaanza kutafuta mtu mwingine.

Jumatatu moja jioni dereva wetu aliona rimoti ya ufunguo imechoka. Ilibidi asimame karibu kabisa na mlango ndipo gari lisikie. Akafanya kama mtu yeyote angefanya: akasimama kwenye meza ya barabarani, akabadilishiwa betri, akalipa shilingi 150, akaenda kulala. Asubuhi alipobonyeza, kimya. Akafungua mlango kwa chuma cha ufunguo, na hapo king'ora kikaanza kulia mpaka majirani wakatoka nje. Akajaribu kuwasha gari, stata haikutoa hata mlio. Trei 60 zilikuwa zimepangwa ndani.

Mtu mmoja aliyeitwa kuja kuangalia alituambia kompyuta ya gari imekufa, na kwamba tutafute shilingi 28,000. Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Dereva akaulizwa kwa nini alichezea ufunguo bila ruhusa, na ikaamuliwa akatwe mshahara kidogo kidogo hadi pesa hizo ziishe. Tunaandika haya kwa aibu, maana sisi wenyewe tulikuwa kwenye mkutano huo na tuliinua mikono.

Kumbe gari halikuwa na ubaya wowote.

MAMBO MATATU NDANI YA UFUNGUO MMOJA

Kosa letu kubwa lilikuwa kudhani ufunguo ni kitu kimoja. Ndani ya ule mfuko wa plastiki mna vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Kwanza kuna chuma chenyewe, cha kuzungusha kwenye kufuli. Hicho mnakijua.

Pili kuna rimoti, yaani kibao cha sakiti chenye vitufe na betri. Kazi yake ni kutuma wimbi la redio kwa gari: fungua, funga. Hiki ndicho peke yake kinachotumia betri.

Tatu, katika magari mengi, kuna chipu ya imobilaiza. Ni kidude kidogo, mara nyingine cheusi kama kipande cha makaa, mara nyingine kama kichupa chembamba cha kioo, kisichozidi punje ndefu ya mchele sana. Hakina betri. Ukitia ufunguo kwenye tundu la kuwashia, kuna waya uliozungushwa kama pete kwenye tundu hilo, nao ndio unaoipa chipu nguvu kidogo ya kujitambulisha. Gari likiitambua, injini inaruhusiwa kuwaka. Lisipoitambua, linakataa.

Kutokana na hayo mnaweza kujua jambo moja muhimu sana: betri ya rimoti ikifa, gari la ufunguo wa kuzungusha bado linaweza kuwaka. Mtu akikuambia injini haiwaki kwa sababu ya betri ya rimoti, muulize vizuri. Huenda ana ukweli, huenda hana. Ukweli unakuja pale ambapo gari limewekewa alamu ya pili hapa nchini, kama letu. Alamu hizo mara nyingi hukata umeme wa stata. Ukifungua mlango kwa chuma wakati alamu imefungwa, yenyewe inaona wewe ni mwizi. Inalia, na inazuia gari lisiwake mpaka isikie rimoti.

Kwa hiyo sikilizeni gari kabla ya kuita mtu. Ukizungusha ufunguo na stata haigeuki kabisa, na taa za dashibodi ziko sawa, shuku alamu. Stata ikigeuka vizuri lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja na kuzima, na kuna taa ndogo ya usalama inayomemeteka, shuku chipu. Na taa za dashibodi zikiwa hafifu, au hakuna taa kabisa, basi ni betri kubwa ya gari imeisha, na rimoti haina lawama. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

BETRI YENYEWE

Tulimpelekea ufunguo fundi mmoja wa redio, mzee anayejulikana hapa mtaani. Aliufungua polepole juu ya kitambaa cheupe, akatuonyesha betri. Ilikuwa mpya kweli, inang'aa. Lakini ilikuwa na maandishi CR2016, na pale kwenye kibao paliandikwa CR2032.

Hebu tuwaeleze namba hizo, kwa sababu ukizijua hakuna atakayekudanganya tena. Herufi C inaonyesha ni betri ya lithiamu ya aina fulani, na R ni umbo la duara. Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2. CR2025 ina upana ule ule lakini unene wa 2.5. CR2016 ni 1.6 tu, yaani nusu. Zote ni volti 3. Ndiyo maana mwenye meza alisema, "Ni sawa tu mama, zote ni volti tatu," na hakuwa anadanganya kuhusu volti. Ila betri nyembamba inacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Leo inagusa, kesho haigusi.

Msijaribu kuziba nafasi hiyo kwa kuweka CR2016 mbili moja juu ya nyingine. Hapo mnapata volti 6, na sakiti ya volti 3 inaweza kuungua. Wala msikunje karatasi ya sigara. Nunueni betri yenye namba iliyoandikwa ndani ya rimoti, si ile inayofanana kwa macho.

Rimoti nyingine za alamu hutumia betri ndefu ndogo ya volti 12, inayoitwa 23A au 27A. Hizo mbili nazo si sawa, moja ni nyembamba kuliko nyingine.

Tena angalieni kama betri bado iko kwenye karatasi yake ya kiwandani na tarehe yake haijapita. Betri iliyolala wazi ndani ya mkebe pamoja na misumari huenda imeshajimaliza kabla hujailipia, kwa sababu misumari imeunganisha pande zake mbili. Kama kuna mtu mwenye mita ya kupimia umeme, betri mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.7, rudisha.

KUFUNGUA NA KUFUNGA BILA KUHARIBU

Kaa mezani mchana, si kwa mwanga wa simu. Tandika kitambaa cheupe. Hili la kitambaa si urembo: kitu kikianguka unakiona. Tafuta ufa mdogo pembeni mwa mfuko wa plastiki, au skrubu ndogo, au kitufe cha kuchomoa chuma. Tumia sarafu au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, uinue taratibu. Kisu kinavunja meno ya plastiki, na mfuko uliovunjika meno haushiki tena.

Kabla ya kutoa betri ya zamani, tazama imelala upande gani. Upande mpana wenye maandishi na alama ya kujumlisha ndio chanya. Rimoti nyingine chanya kinaangalia juu, nyingine chini, kwa hiyo usikisie. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha. Ukiiweka kinyume rimoti haitafanya kazi, lakini mara nyingi haiharibiki, ukiigeuza upesi.

Shika betri mpya kwa ukingo wake. Mafuta ya vidole yanapunguza mguso, na koleo ya chuma ikishika pande zote mbili inaunguza nguvu ya betri bure. Betri nyingine zinakuja na plasta ya plastiki juu yake. Tuliona mtu ameiweka pamoja na plasta hiyo, akalalamika wiki nzima. Itoe.

Kisha tazama vibati vinavyoshika betri. Vikiwa vimelala chini, viinue kidogo sana kwa ncha ya sindano. Vikiwa na kutu ya kijani au weupe, visugue kwa raba ya kufutia penseli, halafu upake spiriti kwa pamba na uache ikauke. Msitumie maji, wala petroli. Kama rimoti iliangukia maji, fungua, toa betri kwanza, safisha kwa spiriti, na uiache wazi siku nzima kabla ya kujaribu.

Wengine wanaamini kwamba betri ikitoka zaidi ya dakika moja, rimoti "inasahau" gari. Kwa rimoti nyingi hilo si kweli. Namba yake imeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na inaweza kukaa bila betri mwaka mzima. Ziko chache za zamani zinazopoteza hesabu, lakini msiharakishe mikono kwa sababu ya woga huo. Mikono ya haraka ndiyo inayopoteza chipu.

IKIKATAA BADO, PENGINE IMEPOTEZANA NA GARI

Jambo hili ni zuri kulielewa. Zamani rimoti ilituma neno la siri moja tu, siku zote lile lile. Wezi wakawa wanalirekodi kwa kifaa na kulicheza tena mwenye gari akiondoka. Ikatafutwa njia ya kubadilisha neno kila unapobonyeza. Mojawapo ya njia zilizoenea sana duniani, inayoitwa KeeLoq, ilibuniwa na Waafrika Kusini, katika kampuni ya Nanoteq, katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1995 ikauzwa kwa kampuni ya Marekani inayoitwa Microchip. Kwa hiyo msidhani mambo haya yote yametoka ng'ambo ya bahari.

Chukueni mfano wa watu wawili wenye daftari moja linalofanana, kila ukurasa una neno la siri. Rimoti ina daftari lake, gari lina lake. Kila ukibonyeza, rimoti inafungua ukurasa mpya. Gari likisikia, nalo linafungua ukurasa huo. Sasa mtoto akichukua ufunguo sebuleni na kubonyeza akicheza, rimoti inaenda mbele kurasa nyingi wakati gari halisikii. Gari linavumilia kiasi. Katika chipu za namna hiyo ya KeeLoq, kawaida linatazama kurasa 16 mbele na kukubali mara moja. Ukipita hapo, linataka usikike mara mbili mfululizo ndipo likuamini.

Basi simama karibu na gari, bonyeza kitufe cha kufunga, hesabu hadi tatu, bonyeza tena. Mara nyingi hilo tu linatosha. Lisipotosha, ingia ndani, funga milango yote, tia ufunguo na uzungushe hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, halafu shikilia kitufe cha kufunga kwa sekunde kadhaa. Zima, toa ufunguo, jaribu. Magari mengine yanakubali njia hiyo, mengine yana utaratibu wake wa kufungua na kufunga mlango mara kadhaa. Utaratibu huo uko kwenye kitabu cha gari, na hautoki gari moja hadi jingine, kwa hiyo msifuate ule wa jirani. Kwa alamu iliyowekwa hapa nchini kuna kitufe kilichofichwa, mara nyingi chini ya dashibodi upande wa usukani. Aliyeiweka alamu ndiye wa kuwaonyesha kilipo, na mwulizeni siku ile ile anapoiweka, si siku ya shida.

Pia hakikisheni hakuna mlango ulio wazi kidogo na hakuna ufunguo uliobaki kwenye tundu. Magari mengi hukataa kutii rimoti katika hali hizo, na yana haki.

Na kwa wenye magari ya kuwasha kwa kitufe: ndani ya rimoti yenu mmefichwa chuma kidogo cha kufungulia mlango. Kitafuteni leo. Betri ikifa, fungua kwa chuma hicho, kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Toyota nyingi za namna hiyo huwaka hivyo.

ILE CHIPU YETU

Turudi kwa mzee wa redio. Aliweka CR2032, akainua kibati, tukarudi kwa gari. Milango ikafunguka, king'ora kikanyamaza, sote tukapiga makofi. Dereva akawasha. Stata ikageuka vizuri kabisa, injini ikakataa, na taa ndogo ikawa inamemeteka.

Mzee akaomba ufunguo tena. Ufunguo wetu ni ule wa kukunja, uliokuja na alamu, na waliouweka walikuwa wametoa chipu kwenye ufunguo wa asili na kuitia kwenye kijishimo ndani ya huu mpya, bila gundi. Kijishimo kilikuwa kitupu. Alituuliza swali moja tu, "Ulifunguliwa wapi mara ya mwisho?"

Tulienda wanne mpaka ile meza ya barabarani. Mwenye meza, kwa kweli, hakuwa mtu mbaya. Alisema alikuta kidude cheusi asubuhi alipofagia, akadhani ni kipande cha redio, akakitupa kwenye mkebe wa skrubu. Alimimina mkebe juu ya gazeti, na baada ya dakika kama kumi dereva wetu mwenyewe akakiona. Gari likawaka saa tisa alasiri. Mayai yalifika siku ya pili.

Kama chipu ingepotea kabisa, ingebidi tumwite fundi wa funguo mwenye mashine ya kuandikisha chipu mpya. Hiyo ni kazi halali na ina gharama, na gharama inapanda sana kama hamna ufunguo hata mmoja unaofanya kazi. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika Mombasa na ufunguo mmoja tu. Tengenezeni wa pili wakati wa kwanza ni mzima. Na mkinunua rimoti iliyotumika, muulize mawimbi yake: magari ya soko la Japani hutumia karibu megahezi 315 au chini kidogo, ya Ulaya karibu 433. Mfuko unaweza kufanana kabisa na hazitasikilizana kamwe.

BETRI KUUKUU NA WATOTO

Hapa tunaomba akina mama na akina baba wasome mara mbili. Betri hizi za duara zinametameta kama peremende, na mtoto akiimeza na ikakwama kooni, unyevu wa mwili unaukamilisha mkondo wa umeme na inaanza kuunguza nyama. Ndani ya saa 2 inaweza kutoboa umio. Hata ile iliyokufa, isiyoweza kufungua gari, bado ina nguvu ya kutosha kuunguza mtoto. Dalili zake zinafanana na mafua: kukohoa, kutoka mate, kukataa chakula.

Ukishuku tu, usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe chakula. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Kwa sisi wa Wendani, ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko karibu. Kama mtoto amepita mwaka 1, anaweza kumeza, na ameimeza betri si zaidi ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko 2 vidogo kila dakika 10, si zaidi ya mara 6, mkiwa njiani. Asali inapunguza kuungua, lakini haiondoi betri, kwa hiyo msichelewe nyumbani mkitafuta asali. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Betri kuukuu ifungeni kwa gundi ya karatasi pande zote mbili, muiweke kwenye chupa yenye kifuniko mahali pa juu. Msiitupe motoni wala chooni.

Kamati ilikutana tena Jumamosi. Dereva alirudishiwa pesa alizokuwa amekatwa, na walioinua mikono tulisimama mmoja mmoja tukamwomba radhi. Alikubali, ila alitaka liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na likaandikwa. Mzee wa redio alikataa malipo, akachukua trei moja. Chipu imetiwa gundi kidogo. Ufunguo wa pili tumeutengeneza, unakaa kwa mweka hazina ndani ya bahasha pamoja na betri moja ya CR2032 iliyofungwa, na juu ya bahasha tumeandika tarehe na mwezi.